Bunduki ya bei mbaya: fedha inanunua nini hasa?

Kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, picha mbili za walenga shabaha zilizunguka dunia nzima. Moja ni ya Kim Ye-ji wa Korea Kusini, jicho moja limekingwa na jingine likitazama kupitia lenzi iliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Nyingine ni ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu mzima wa miaka 51, fulana ya timu, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni. Wote wawili waliondoka na medali ya fedha. Kwenye makundi ya WhatsApp hukumu ilitoka siku hiyohiyo: vifaa vya bei mbaya ni mbwembwe, mwenye jicho lake hahitaji kitu.

Wengi hawakuitazama bastola yenyewe. Alichokishika Dikeç ni bastola ya upepo ya mashindano, iliyoundwa kwa kazi moja tu: kupiga duara la kati lenye upana wa milimita 11.5 kutoka umbali wa mita 10. Bastola za daraja hilo huzidi dola 1,000 kwa urahisi. Kishikio chake hupimwa kwa kiganja cha mpigaji, na triga yake, yaani kile kidude cha kuvutwa kwa kidole, huwekewa uzito maalumu ambao kanuni haziruhusu upungue gramu 500. Kilichokosekana kwa Dikeç ni lenzi na vikinga macho tu. Isitoshe, alikuwa akishiriki Olimpiki tangu Beijing 2008.

Kwa hiyo picha ile haikuthibitisha kwamba bei haina maana, kama ambavyo haikuthibitisha kinyume chake. Swali lenyewe limekaa vibaya. Kabla ya kuuliza kama bunduki ghali ni nzuri kuliko ya bei nafuu, lazima tukubaliane "nzuri" maana yake nini, maana watu wawili wanaobishana juu ya bunduki mara nyingi wanazungumzia vitu tofauti.

Cha kwanza ni usalama: isifyatuke bila triga kuvutwa, na mtutu usipasuke usoni mwa aliyeishika. Cha pili ni uhakika, kwamba ukivuta triga itafyatuka na risasi inayofuata itaingia bila kukwama. Halafu kuna shabaha, risasi kwenda palepale kila mara. Kuna uimara, itapiga risasi ngapi kabla ya kuchoka. Kuna namna inavyomkaa mpigaji, begani na mkononi. Mwisho kabisa ni mapambo na jina. Kila kimoja kati ya hivi hupandisha bei, lakini havipandishi kwa kiasi kimoja wala kwa wakati mmoja.

Pale ambapo hakuna mjadala

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki nyuma yake, baruti ndani na kichwa mbele. Triga ikivutwa, pini hugonga fataki, baruti huwaka na kugeuka gesi, na gesi hiyo hukisukuma kichwa mtutuni. Kwenye bunduki nyingi za kuwindia, msukumo ndani ya chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, huzidi mara 3,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Na chemba hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye shavu la mpigaji.

Ndiyo maana gobore linatisha. Tanzania tumezoea habari za polisi kukamata magobore vijijini, na tunazungumza zaidi juu ya wanyama waliouawa au majirani waliotishwa. Aliyelishika naye yuko hatarini. Mtutu wa gobore la kienyeji haukupimwa na mtu yeyote, chuma chake hakijulikani kilitoka wapi, na kila anapofyatua anafanya jaribio ambalo kiwanda kilipaswa kulifanya kabla yake.

Nchi zilizoishi na mafundi bunduki zilijifunza hili zamani. Mafundi wa London walipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na mji wa Birmingham ukapata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Kazi ya nyumba hizo haijabadilika: kila bunduki hupigwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, kisha hukaguliwa, na ikistahimili hugongwa muhuri mdogo kwenye chuma. Mwaka 1914 nchi kadhaa zikaanza kuoanisha vipimo vyao chini ya tume inayojulikana kwa kifupi kama CIP. Muhuri huo huwekwa kwa kipimo kilekile kwenye shotigani ya paundi mia tatu na kwenye ile ya paundi laki moja. Hauulizi bei.

Marekani haina nyumba ya namna hiyo ya serikali. Viwanda vyake hufuata kwa hiari vipimo vya chama chao, SAAMI, kilichoanzishwa mwaka 1926, na hiari ina mipaka yake. Sheria ya mwaka 1968 ilizuia bastola ndogo duni kuingizwa kutoka nje, lakini haikuzigusa zinazotengenezwa ndani ya nchi. Pengo likajazwa na viwanda vya kusini mwa California vilivyouza bastola za bei ya kutupa, baadhi vikiwa vya watu wa ukoo mmoja. Slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila bastola inapofyatuka, kilimiminwa kwa aloi ya zinki badala ya kuchongwa kwa chuma kigumu.

Moja ya bastola hizo, Bryco 38, ilikuwa na kasoro ambayo kila mwenye mtoto nyumbani anapaswa kuisikia. Ili utoe risasi iliyomo, ulilazimika kwanza kuondoa kizuizi cha usalama. Aprili 1994, mtu mzima alikuwa akijaribu kuitoa risasi ili bastola isiwe na madhara. Ikafyatuka na kumpiga mtoto wa miaka 7, ambaye alipooza. Mwaka 2003 baraza la mahakama liliamua fidia ya takriban dola milioni 50, na kampuni ikaomba kufilisiwa. Unafuu wa namna hii siutetei hata kidogo. Nafuu ya dola kadhaa dukani haikuwahi kulingana na hatari iliyobebwa na watu wasioijua.

Lakini tusikimbilie kusema kila bastola ya zinki ni mtego. Hi-Point ya Ohio hutumia aloi ya jamii hiyohiyo na bastola zake huuzwa karibu dola 200. Ni nzito, nene, na haipendezi machoni. Uzito huo una kazi: mtutu haufungwi na mtambo wowote, kwa hiyo ni uzito wa slaidi hasa unaochelewesha kufunguka hadi msukumo ushuke. Mbinu hiyo ni ya zamani na ina vipande vichache. Haikai mkononi vizuri, lakini inafyatuka, na kampuni huitengeneza bure hata kama wewe ni mmiliki wa tatu. Tofauti yake na Bryco haiko kwenye bei. Iko kwenye uamuzi wa mtengenezaji kuhusu wapi pa kubana matumizi na wapi pa kutogusa.

Shabaha imeshuka bei

Imani iliyokita mizizi kuliko zote ni kwamba bunduki ghali inapiga shabaha zaidi. Zamani ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Fundi alikaa na tupa na mafuta siku nzima akilinganisha mtutu na bolti, yaani kile kifungio cha nyuma ya chemba kinachovutwa kwa mkono, na saa zake ndizo ulizozilipia.

Leo mtutu unaweza kutengenezwa kwa mashine yenye nyundo zinazoupiga chuma kutoka pande zote, kikiwa baridi, juu ya pini ngumu yenye umbo la mifereji inayotakiwa ndani. Kazi huisha kwa dakika chache na kila mtutu hutoka kama mwenzake. Mifereji hiyo ndiyo inayokizungusha kichwa cha risasi ili kisiyumbe hewani. Vipande vingine huchongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Matokeo yake, bunduki ya bolti kama Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012, au Savage Axis, zote za kati ya dola 400 na 600, mara nyingi huweka risasi tatu ndani ya duara la sentimita tatu au nne kwa umbali wa mita 100. Watu wachache sana wanaweza kushika bunduki kwa utulivu unaofikia kiwango hicho, na kwa mwindaji wa swala umbali wa kawaida ni huohuo au mfupi zaidi.

Ni kama saa za mkononi. Saa ya betri inayouzwa kando ya barabara hushika majira vizuri kuliko saa ya Uswisi ya mamilioni inayoendeshwa na springi. Anayenunua ile ya Uswisi ana sababu zake, lakini dakika sahihi si mojawapo.

Kilichobanwa kwenye hizo bunduki nafuu utakigundua kwa mkono: kitako cha plastiki kinachopinda ukikikaza, bolti inayokwaruza, magazini (kile kisanduku cha risasi) ya plastiki. Ni kero za kweli, lakini hazimo kwenye shabaha.

Mitutu miwili ya London

Sasa tupande juu kabisa. Afrika Mashariki ina historia yake na bunduki za mitutu miwili za majina kama Holland & Holland, iliyoanzishwa mwaka 1835, Rigby na Purdey. Zilikuja Kenya na Tanganyika na wawindaji wa safari wa mwanzo wa karne ya 20, na hadi leo baadhi ya wageni huja nazo Tanzania kuwinda nyati. Ikiwa mpya kutoka London, hupita paundi 100,000, nawe utaisubiri kwa miaka.

Inachukua kazi gani? Mitutu miwili iliyounganishwa kando kwa kando haipigi mahali pamoja kwa sababu tu imenyooka. Bunduki ikifyatuka hupiga teke, na kwa kuwa mtutu wa kulia uko kulia kwa mstari wa bega, teke hilo huisukuma bunduki nzima upande wa kulia kabla kichwa cha risasi hakijatoka. Mtutu wa kushoto hufanya kinyume. Kwa hiyo mitutu hulazwa ikielekeana kidogo. Kidogo kiasi gani, hakuna hesabu inayotosha. Fundi hupiga mtutu wa kulia, hupiga wa kushoto, hutazama matundu kwenye karatasi, kisha huyeyusha lehemu kwenye ncha, husogeza kabari iliyo katikati ya mitutu kwa unywele mmoja, huacha ipoe, na kupiga tena. Huendelea hivyo hadi mitutu yote miwili ikutane mahali pamoja kwa umbali wa mita 50 hivi. Na ukishamaliza, umeifunga kwa aina moja ya risasi. Badilisha uzito wa kichwa au nguvu ya baruti, mitutu inaachana. Enzi za baruti ya kordaiti, viwanda vilitengeneza risasi maalumu za nchi za joto, kwa sababu jua letu lilitosha kuongeza msukumo ndani ya chemba.

Baada ya kazi yote hiyo, bunduki hii ikiwekwa kwenye shabaha ya mita 200 itaachwa mbali na ile ya dola 500. Anayeiona ghali akadhani ni ya shabaha zaidi amekosea kabisa kusudi lake. Ina mitambo miwili ya kufyatulia inayojitegemea, kila mmoja na triga yake. Nyati akitokea kichakani mita 15 mbele, mwenye nayo hupiga mara mbili bila kuvuta bolti, na upande mmoja ukigoma wa pili upo. Fedha imenunua sekunde moja na akiba moja. Kwa mtu anayemfuata nyati aliyejeruhiwa, sekunde hiyo si anasa. Michoro ya maua kwenye chuma na mti wa walnati wenye mistari ni jambo lingine. Ni sanaa, nami naiheshimu, lakini nyati haioni.

Wawindaji wengi wa kulipwa nchini Tanzania, watu wanaolala porini miezi, hubeba kitu cha chini sana kwa bei: bunduki ya bolti kama zile za CZ au Brno kutoka Czech, katika kipimo cha .375, yaani kichwa cha risasi chenye upana wa inchi 0.375, au zaidi. Kipimo cha .375 H&H kilitolewa mwaka 1912, na hapa kwetu ndicho cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari. Bolti zao zimefuata mfumo wa Mauser wa mwaka 1898: ukucha mpana wa chuma hukamata kitako cha ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, na hauliachii hadi ganda tupu litupwe nje. Mtu aliyepaniki akivuta bolti nusu, ukucha bado umeshika risasi yake. Hiyo ndiyo aina ya ubora inayostahili kulipiwa, na haina maua.

Yupo pia Walter Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda. Kwa hesabu zake mwenyewe aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya bolti ya milimita 7, wakati wenzake wakibeba mitutu miwili mizito. Ni hesabu inayouma kuisoma leo. Siri yake haikuwa dukani: alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Sheria za sasa zinakataza kipimo kidogo kama chake kwa tembo, na zina haki, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya watu wasio na maarifa yake.

SMG haikuwa rahisi

Bunduki ambayo ripoti za polisi Tanzania huiita SMG, yaani AK na ndugu zake, hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba cha rahisi ndicho kigumu. Historia yake ni tofauti. Wasovieti walipoanza kuitengeneza mwaka 1949 walitaka mwili wa bati la chuma lililokunjwa kwa mashine. Nyingi zikaharibika kiwandani. Wakarudi kuchonga mwili kutoka kwenye chuma kizima, kazi ya gharama kubwa, hadi mwaka 1959 walipotoa AKM ya bati iliyokubali. Miaka kumi ya uhandisi ndiyo iliyozaa urahisi ule. Na ndani ya mtutu hawakubana: waliupaka kromu kuzuia kutu.

M16 ya Marekani kule Vietnam ilifanya kinyume. Ilikuwa bunduki ya kisasa, lakini baruti ilibadilishwa, chemba ikaachwa bila kromu, na askari wengi hawakupewa hata vifaa vya kusafishia. Zikakwama mikononi mwa watu waliokuwa vitani, na mwaka 1967 Bunge la Marekani likachunguza. Ilipopata kromu, baruti sahihi na brashi, ilitulia.

Jeshi hilohilo lilipotafuta bastola mpya, Januari 2017 lilichagua SIG Sauer kwa zabuni ya takriban dola milioni 169.5, dhidi ya milioni 272 za Glock. Bastola moja ililigharimu jeshi dola 207, chini ya nusu ya bei ya dukani. Miezi michache baadaye ikabainika kwamba toleo la kiraia la bastola hiyohiyo, P320, lingeweza kufyatuka likianguka kwa pembe fulani, na Agosti 2017 kampuni ikatangaza kubadilisha vipande bure. Kwa hiyo bei ya dukani haikuambii gharama ya kutengeneza, na jina kubwa halikuondolei jukumu la kuuliza.

Inapostahili kuongeza fedha

Mpigaji wa sahani za udongo zinazorushwa hewani hufyatua maelfu ya risasi kwa mwaka, na wa kimataifa makumi ya maelfu. Ndiyo maana kwenye Olimpiki utaona shotigani za Perazzi za Italia zinazozidi dola 10,000. Bawaba na kufuli zake huhimili kazi ambayo shotigani nafuu ingelegea nayo mapema, na vipande vilivyochoka hubadilishwa. Mkulima anayefukuza nguruwe mara chache kwa mwaka hatafika huko maishani mwake.

Kitako kinachokukaa nacho kina thamani, hasa kwenye shotigani, kwa kuwa jicho lako ndilo sehemu yake ya nyuma ya kulengea. Kikiwa kirefu mno au kimeinuka vibaya, utakosa kila mara upande uleule. Lakini fundi mzuri anaweza kukata au kuongeza kitako cha shotigani ya kawaida kwa sehemu ndogo ya bei ya bunduki mpya.

Mwenye bajeti na leseni yake mkononi, iwe chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 au ya Bodi ya Leseni za Silaha ya Kenya, afadhali anunue bunduki ya kati yenye muhuri wa majaribio, na tofauti aielekeze kwenye sefu ya chuma, darubini nzuri, mafunzo na risasi za mazoezi. Sefu ije kwanza. Hakuna bunduki, ya bei yoyote, iliyo salama juu ya kabati.

Na kuna bunduki ghali ambayo wengi hawainunui: ile ya urithi. Babu alikuwa na shotigani ya Kiingereza, imekaa miaka kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Malindi, na ukoo unaamini kuwa ni bora kuliko zote kwa sababu ni ya Mwingereza. Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na shamba, kwa hiyo polisi wajulishwe kwanza. Kisha fundi aliyesajiliwa aitazame kabla mtu hajaijaza. Baadhi ya mitutu ya zamani ilisukwa kwa tepe za chuma zilizounganishwa kwa moto, ina mawimbi ya kupendeza juu yake, na ilikusudiwa baruti nyeusi ya enzi zile. Chemba nyingi za shotigani hizo ni za milimita 65, na risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Zitaingia bila shida na kufuli itafunga. Tatizo hutokea zinapofyatuka: mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, na msukumo hupanda ndani ya chuma chenye umri wa miaka mia. Kipimo cha chemba na mihuri ya majaribio mara nyingi imegongwa chini ya mitutu, na huonekana ukiitenganisha mitutu na kitako.